Maswali ya Wazazi: Kutoa Kwenye Sifuri, na Mafuta ya Bajia Kitabuni

SWALI: Mwanangu yuko darasa la tatu. Kila Jumamosi hufanya kurasa 6 za kitabu cha mazoezi ya hisabati, akimaliza tunakwenda naye kula urojo. Kurasa anazimaliza, lakini hesabu za kutoa zenye sifuri hukosa karibu zote. Kwa 5,000 − 3,750 huandika 2,750. Nimuongezee kurasa?
Mama wa watoto watatu, Unguja

JIBU: Usimuongezee, mama, mpunguzie. Kurasa 6 kwa mkupuo, huku bakuli la urojo linamsubiri, zinamzoeza kukimbia tu. Ukurasa mmoja kwa siku, dakika 15 hadi 20, siku nne kwa wiki, unatosha. Usahihishe siku hiyohiyo, angali anakumbuka alivyofikiri. Urojo nao uacheni uwe wa familia, usiwe ujira wa kurasa.

Sasa litazame kosa lenyewe. Hakubahatisha. Kila palipo na sifuri juu, ameteremsha tarakimu ya chini kama ilivyo: 5 ikabaki 5, 7 ikabaki 7. Kutoa anajua, anakwama pa kukopa, maana jirani naye ni sifuri. Kurasa zaidi za namna hiyo zitalikomaza kosa.

Mvunjie noti ya 5,000 mbele yake: noti nne za 1,000, sarafu tisa za 100, na ile mia iliyobaki iwe vipande kumi vya karatasi vilivyoandikwa 10. Juu ya hesabu aandike 4, 9, 10, 0, ndipo atoe: 0 toa 0 ni 0, 10 toa 5 ni 5, 9 toa 7 ni 2, 4 toa 3 ni 1. Jibu 1,250.

Kisha ahakikishe kwa njia ya muuzaji, ambaye huhesabu kwa kupanda. Tuseme mabakuli mawili ya urojo ni 1,500 kila moja na kachori tatu ni 250 kila moja: jumla 3,750. Sarafu ya 50 inamfikisha 3,800, ya 200 inamfikisha 4,000, noti ya 1,000 inamfikisha 5,000. Chenji iko kiganjani. Hesabu moja kama hiyo wakati wa kulipa inatosha. Wakati wa kula, mwacheni ale.

Nyumbani, kurasa za majibu zibane kwa klipu. Akikosa weka nukta ya penseli pembeni, wala usifute kazi yake: hatua alizoandika ndizo zinazoonyesha alipopotea.

SWALI: Bajia imedondoka juu ya kitabu cha mazoezi, karatasi imelowa mafuta na haiandikiki.
Baba wa mwanafunzi, Tanga

JIBU: Gandamiza kwa tishu bila kusugua, maana kusugua hutawanya mafuta. Nyunyiza poda ya mtoto pande zote mbili, acha usiku kucha, asubuhi pangusa kwa brashi laini. Doa likibaki, weka karatasi nyeupe juu na chini, pitisha pasi ya moto mdogo bila maji kwa sekunde 10, badilisha karatasi, rudia. Usitumie gazeti, wino wake utahamia kitabuni. Rangi ya manjano haitatoka, lakini penseli itashika.