Mkimya ataiweza kazi ya daktari wa akili?

Wadogo zangu wanaosomea magonjwa ya akili huniuliza hivyo kila tukikutana. Ataiweza. Mimi ni mkimya tangu utotoni, na kazi hii nimeifanya miaka mingi hapa Dodoma. Ila ukimya una gharama zake, na uchangamfu una zake. Afadhali uzijue mapema.

Vipimo vya tabia vinavyosambaa mitandaoni, vile vya MBTI vinavyokupa herufi nne na kukuambia kama u mkimya au mchangamfu, usivishike sana. Vilitungwa na Wamarekani wawili, Katharine Briggs na bintiye Isabel Myers, ambao hawakuwa wanasaikolojia, kutokana na mawazo ya Carl Jung wa Uswisi aliyoyachapisha mwaka 1921. Watafiti wa leo hawamweki mtu kwenye kundi. Wanapima tu kiwango chake cha ukimya au uchangamfu, na wengi wetu tumo katikati. Ukitaka kujipima, tazama kwanza wepesi wako wa kuingiwa na wasiwasi. Huo ndio unaokwenda sana na uchovu wa kazi, ule ambao Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliueleza kuwa si ugonjwa, bali ni matokeo ya msongo wa kazini usioshughulikiwa: nguvu zinaisha, unaikinai kazi, unajiona hufai.

Mkimya hachoshwi na mgonjwa. Kukaa na mtu mmoja anayesikia sauti, ukasubiri mpaka aseme mwenyewe, hapo sisi ndipo tunapong'ara. Wanaotumaliza ni ndugu. Mgonjwa kutoka Kondoa au Mpwapwa anafika na mjomba, shangazi na jirani mwenye gari, na kila mmoja ana lake: karogwa, bangi, kaachwa na mchumba. Wote wanastahili kusikilizwa, lakini ukimsikiliza kila mmoja kwa zamu pale koridoni, saa nane mchana utakuwa umekwisha. Mimi huwaketisha pamoja. Mzee anaanza, kwa heshima yake, na mama wa mgonjwa namwachia mwisho: "Mama, wewe ndiye unayeishi naye. Usiku analala?" Mara nyingi hapo ndipo habari yenyewe inapotoka, na mimi nimetumia nusu ya maneno.

Baada ya kliniki nafunga mlango niandike mafaili. Nyumbani wanajua nikiingia waniache kwanza nioge, ninywe chai, ndipo habari za shule na ada zifuate.

Mchangamfu hatari yake ni simu. Anagawa namba kwa kila familia, kisha anaamshwa usiku wa manane kuulizwa kama sindano ya mwezi inaweza kusubiri wiki ijayo. Ndugu wapewe namba ya kliniki. Ipokelewe na muuguzi wa zamu.

Mizaha nayo ipo. Ukitaja Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili ya hapa Dodoma, popote Tanzania watu wanacheka, na harusini hakosi wa kukuuliza kama nawe umeshaambukizwa. Sijibu. Naendelea na pilau langu.

Usingizi ukipotea wiki kadhaa, au ukijikuta unawakaripia wagonjwa, tafuta mwenzako akuone. Asiwe yule mnayekunywa naye chai kila siku. Mji huu sisi tunajuana wote, kwa hiyo hata wa Dar es Salaam kwa simu anafaa. Na dawa za usingizi usijiandikie mwenyewe, hata kidonge kimoja cha leo tu.