Kabla ya mashine ya sukari, ulizia stripu

Aliyewahi kuvua dagaa kwa karabai anajua kwamba taa inanunuliwa mara moja, mafuta yananunuliwa kila giza likiingia. Mimi nauza dagaa Mwaloni, pale Kirumba, Mwanza, mwaka wa ishirini na kitu sasa, na hesabu hiyo naifanya hata usingizini. Siku niliyokwenda kununua mashine ya kupimia sukari, sijui niliiacha wapi.

Nilikuwa nimeshaambiwa nina kisukari aina ya pili, nimeanza vidonge vya metformini, na daktari akasema nikiweza nipate mashine ya nyumbani. Nikaingia duka moja mjini, nikauliza iliyo rahisi kuliko zote, nikatoa shilingi 30,000, nikatoka najiona mjanja. Ndani ya boksi kulikuwa na stripu kumi, vile vijipande vyembamba vya kuwekea tone la damu, kimoja kila ukipima. Zilipokwisha nikarudi: hazipo. Nikazunguka Makoroboi, Mlango Mmoja, nikafika hadi Buzuruga. Kila famasi nikawa naonyeshwa stripu za mashine nyingine, nazo hazifai, maana kila mashine ina stripu zake. Mdogo wangu alizipata Dar es Salaam akanipakilia kwenye basi. Nilipopiga hesabu ya nauli ya mzigo na bodaboda ya kuufuata stendi Nyegezi, nikacheka peke yangu.

Kwa hiyo usianze na mashine. Anza na stripu. Nenda famasi mbili tatu za karibu na unapoishi, uliza: stripu gani hapa hazikosekani, na chupa ya hamsini ni kiasi gani? Ukishajua, ndipo ununue mashine yake. Anayeishi Ukerewe au Sengerema aulize na kwao, si mjini tu.

Kisha kaa na kalamu. Chukua mfano: mashine moja ni 30,000 na stripu zake hamsini ni 45,000, nyingine ni 70,000 lakini stripu hamsini ni 25,000. Ukipima mara nne kwa wiki, kwa mwaka unatumia stripu 208. Ya kwanza itakula shilingi 187,200 za stripu, ya pili 104,000. Ile "ghali" imerudisha tofauti yake na chenji juu kabla mwaka haujaisha. Na kama mtu anakupa mashine bure, shukuru, halafu uliza bei ya stripu.

Jambo la pili ni namba. Kliniki zetu zinasoma kwa milimoli (mmol/L): 6.1, 7.9, 11. Zipo mashine zinazosoma kwa miligramu (mg/dL). Mama mkubwa wangu aliletewa moja na mwanawe aliyeko nje, akapima, akaona 142. Alinipigia simu analia, anagawa mashamba. Nikamwambia, mama, gawanya kwa 18. Ni 7.9, na alikuwa ametoka kula. Nunua inayosoma milimoli, tena yenye tarakimu kubwa; macho yetu sisi wa kisukari hayana dhamana.

Kuhusu usahihi, usitegemee iwe sawa na maabara nukta kwa nukta. Kiwango cha kimataifa, ISO 15197 cha mwaka 2013, kinataka majibu 95 kati ya 100 yasipishane na maabara zaidi ya asilimia 15, sukari ikiwa kuanzia 5.6 hivi. Yangu ya sasa niliijaribu hivi: siku ya kliniki nilikwenda bila kula, nikatolewa damu ya maabara, papo hapo nikajipima na yangu. Maabara ikisema 9.0, mashine ikisema kati ya 7.7 na 10.3, endelea nayo. Ikiwa mbali zaidi ya hapo, rudia. Ikikataa tena, irudishe dukani ukiwa bado na risiti.

Lakini mara nyingi mashine inasingiziwa. Siku moja nilimenya nanasi la Geita, sikuonja hata kipande, nikafuta mikono kwa kanga nikapima: 15.2. Moyo ukaruka. Nikanawa kwa maji na sabuni, nikakausha, nikatoboa kidole kingine: 8.3. Ilikuwa sukari ya nanasi kwenye ngozi. Tangu siku hiyo ndoo ya maji inatangulia. Toboa pembeni mwa kidole, ambako hapaumi sana, si katikati ya ncha. Na usikamue kwa nguvu.

Stripu zenyewe zina madeko. Zikae kwenye chupa yake, kifuniko kimebana, mbali na jiko na mbali na dirisha. Usizihamishie kwenye kikaratasi ili zienee kwenye pochi. Unyevu unaziharibu, na huku ziwani unyevu tunao. Soma tarehe ya mwisho, kisha usome chupa inasema zitumike ndani ya miezi mingapi baada ya kufunguliwa. Kama unapima mara moja kwa wiki, chupa ya hamsini ni hasara. Betri isikutishe, nyingi zinatumia ile bapa ya duara, hata mafundi saa wanayo. Sindano ya kutobolea usichangie na mtu, hata mumeo. Zilizotumika mimi naziweka kwenye chupa ngumu ya plastiki.

Upime mara ngapi? Muulize daktari wako, kwa sababu anayechoma insulini hafanani na mimi wa vidonge. Mimi napima mbili mbili: kabla ya kula na saa mbili baada ya kula, chakula kilekile, naandika kwenye daftari la mauzo ukurasa wa nyuma. Ndivyo nilivyoigundua michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa. Nilidhani ni kitafunwa tu cha chai, kumbe kwangu vinapandisha sukari kuliko ugali na sato. Sijaviacha, nimepunguza hadi vipande vitatu. Daktari alipoliona daftari alilisoma muda mrefu kuliko alivyoniangalia mimi, na dozi akaibadilisha yeye, si mimi.

Ile mashine ya kwanza ipo kabatini. Ukiwa na stripu zake, njoo uichukue.