Maswali ya Wasomaji: Tambi Isiyo na Sukari

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Kisauni, Mombasa. Mwezi uliopita kijana wetu anayefanya kazi Malindi alitualika, mimi na mamake, katika mkahawa wa Kitaliano ili kutupongeza kwa kutimiza miaka 35 ya ndoa. Nia yake ilikuwa njema, lakini tulirudi nyumbani na dukuduku. Tuliletewa tambi, tukala tukashiba, kisha mhudumu, kijana wa huko huko aliyekuwa akiongea Kitaliano kama maji, akaja kutuuliza sasa tutakula nini, kana kwamba tulichokula hakikuwa chakula. Mke wangu, ambaye amepika tambi tangu usichana wake, anashikilia kwamba zile zilikuwa mbichi. Na samaki aliyeandikwa shilingi 450 katika orodha ya vyakula alifika kwenye bili akiwa shilingi 5,400, kijana akalipa kimya huku jasho likimtoka. Je, tulidhulumiwa? Tena sisi ni Waislamu, na tungependa kujua vya kuepuka iwapo tutaalikwa tena.
Mwalimu Mstaafu, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam, Mwalimu, na shikamoo. Nianze na samaki, kwa kuwa ndiye aliyemtoa kijana jasho. Katika mikahawa ya Kitaliano, samaki mzima, kambakoche na mapande makubwa ya nyama ya kuchoma huuzwa kwa uzani, na bei inayoandikwa mara nyingi ni ya gramu 100, kipimo ambacho Waitaliano hukiita “etto”. Tafuta karibu na bei maneno “all’etto” au herufi “hg”, ukiona “s.q.” mahali pa bei, maana yake ni kwamba utalipa kulingana na kiasi utakachokula. Samaki wa kilo moja na gramu 200, kwa shilingi 450 kila gramu 100, ni shilingi 5,400 kamili, na uzani huo huchukuliwa kabla hajapikwa, kichwa na miiba ikiwamo. Kwa hiyo hesabu ilikuwa sahihi. Hata hivyo, sitawatetea waliowahudumia, kwa sababu desturi njema ni mhudumu kumleta samaki mezani akiwa mbichi kwenye sinia, kumwonyesha mgeni, kumtajia uzani wake na bei yake, kisha kungoja ajibiwe. Asipofanya hivyo, mwenyeji ana haki ya kuuliza, wala hakuna aibu yoyote katika swali hilo. Sisi wenyewe hatumnunui nguru sokoni bila kumpima.

Ama kuhusu kuulizwa mtakula nini baada ya kushiba, mkanganyiko wenu unatokana na mpangilio wa mlo. Kwetu chakula huja pamoja: wali, mchuzi, samaki, kachumbari na ndizi, vyote mbele yako, nawe unachanganya upendavyo. Mwitaliano huvitenga. Huanza na vitangulizi, “antipasti”, ambavyo ni vidogo vya kuchokoza njaa. Hufuata sahani ya kwanza, “primo”, nayo ndiyo ya tambi, wali wa risotto au supu. Kisha ya pili, “secondo”, ambayo ni nyama au samaki peke yake, bila hata kiazi pembeni. Mboga, saladi na viazi huagizwa mbali chini ya neno “contorni”, na hulipiwa mbali vilevile. Mwisho ni vitamutamu, halafu kahawa. Hakuna sheria inayokulazimisha kupitia ngazi zote hizo, na Waitaliano wenyewe siku za kawaida hutosheka na moja au mbili. Mseme tu mapema kwamba mtakula sahani moja kila mtu, au kwamba vyakula viletwe pamoja vikae katikati, mchangie. Mpishi huenda akakunja uso huko jikoni, lakini atapika.

Sasa nije kwa Mama, ambaye namheshimu sana na ambaye, kwa kipimo cha jiko lake, amesema kweli. Tambi za pwani hukaangwa kwanza zikageuka rangi, zikapikwa kwa tui, sukari na iliki, zabibu zikatiwa, na huhesabiwa kuwa zimeiva zikilainika kabisa. Tambi za Kitaliano hutolewa kwenye maji ya chumvi zikiwa bado zina ukinzani kidogo katikati, hali wanayoiita “al dente”, yaani ya kusikika jinoni, na huendelea kuiva kidogo ndani ya mchuzi. Mtu aliyezoea za Ramadhani lazima azione mbichi. Anaruhusiwa kuomba ziive zaidi, akijua kwamba atangoja dakika kadhaa. Jambo moja dogo ambalo huenda likampendeza: yale majani ya kijani juu ya pizza, “basilico”, ni ya jamii moja na mrihani tunaoutia kwenye vikuba. Akivinusa vyote viwili atakubali kwamba ni ndugu, ingawa mimi ningependelea wetu ubaki kwenye nywele na wao ubaki kwenye nyanya.

Kuhusu halali na haramu, tatizo kubwa ni kwamba nguruwe kwa Waitaliano ana majina mengi, na orodha ya vyakula haimtaji kwa jina lake. Prosciutto, pancetta, guanciale, speck, mortadella na salame kwa kawaida wote ni yeye. Wanaokula tambi za “carbonara” wakidhani ni mayai na jibini pekee hawajui kwamba vile vipande vyekundu ni guanciale, yaani nyama ya shavu la nguruwe, na “amatriciana” yenye sura ya mchuzi wa nyanya tu inayo pia. Pizza ya “diavola” hutiwa salame ya pilipili. Kwa upande mwingine, neno “peperoni” huwatisha watu bure, kwa kuwa kwa Kitaliano ni pilipili hoho tamu. Bresaola nayo kwa kawaida ni nyama ya ng’ombe iliyokaushwa, ingawa swali la nani aliyechinja linabaki palepale.

Mvinyo ni mgumu zaidi kuutambua, kwa sababu huingia sufuriani bila kuandikwa. Wali wa risotto hunyunyiziwa mvinyo mweupe mwanzoni mwa kupikwa, kombe na kome hufunguliwa kwa mvinyo huohuo, na mchuzi wa nyama uitwao “ragù” huupata pia, tena mara nyingi pamoja na pancetta. Tiramisù, ile keki ya kahawa inayoliwa kwa kijiko, mara nyingi hutiwa mvinyo wa marsala au ramu. Msimwulize mhudumu iwapo chakula ni halali, maana atajibu ndiyo ili awaridhishe. Mwulizeni kwa vitu vyenyewe, kuna mvinyo ndani, kuna nyama ya nguruwe ndani, naye ataingia jikoni kuuliza. Jibini ya Parmigiano Reggiano hugandishwa kwa kitu kitokacho tumboni mwa ndama, na katika hilo kila mtu amfuate shekhe wake. Mkitaka kula bila wasiwasi, agizeni pizza ya “marinara”, ambayo licha ya jina lake haina kiumbe chochote cha baharini bali nyanya, vitunguu saumu, oregano na mafuta ya zeituni, au tambi za “aglio e olio”, yaani za kitunguu saumu na mafuta, au samaki wa kuchomwa aliyepimwa mbele yenu.

Mnashangaa pengine kwa nini mhudumu mwenyewe, kijana wa Malindi, alikuwa akiongea Kitaliano kama maji. Waitaliano walianza kuja ukanda huo miaka ya 1960, walipojenga kituo cha San Marco huko Ngomeni, ambako setilaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970. Baada ya wanasayansi wakaja watalii, na baada ya watalii wakaja wapishi.

SWALI: Nasoma chuo kikuu Bologna, Italia. Wiki iliyopita tulikula watatu, sote Waafrika, na kwenye risiti kulikuwa na mstari wa “coperto”, euro 2.50 mara tatu, ambao hatukuagiza. Nilipouliza, mhudumu alinyanyua mabega tu. Je, walitutoza kwa sababu ya rangi yetu?
Binti wa Dodoma, Bologna

JIBU: Binti yangu, uchungu wako naufahamu, kwa maana mtu aliye ugenini hushuku kila mstari asiouelewa, na mara nyingine hushuku kwa haki. Lakini huu si wa rangi. “Coperto” ni tozo ya kukalia meza: kitambaa, mkate, uma na kisu, na hutozwa kwa kila kichwa, awe mzaliwa wa Bologna au wa Bahi. Kinachotakiwa ni kwamba iandikwe kwenye orodha ya vyakula, kwa kawaida kwa herufi ndogo chini ya ukurasa wa mwisho, mahali ambapo mwenye njaa hatazami. Ikiwa haikuandikwa, una haki ya kuikataa. Siku ukienda Roma utakuta mambo ni tofauti, kwa sababu mkoa wa Lazio uliipiga marufuku kwa sheria yake ya mwaka 2006. Huko hutozwa mkate, “pane”, nao unaweza kuurudisha usipoutaka.

Usichanganye tozo hiyo na “servizio”, ambayo ni asilimia ya bili kwa ajili ya huduma na huonekana zaidi kwenye miji ya watalii. Bakshishi si lazima kabisa. Wenyeji huacha sarafu kadhaa wakifurahi, wasipofurahi huondoka, na hakuna mtu anayewakimbiza. Kwa kuwa uko Bologna, nikuonye pia usiagize “spageti za Bologna” zinazouzwa Dar es Salaam na Nairobi, kwani wenyeji hawazitambui. Mchuzi wao wa nyama huliwa na tagliatelle, zile tambi pana za mayai, na mwaka 1982 Chuo cha Upishi wa Kitaliano kilikwenda kuusajili rasmi katika Chemba ya Biashara ya mji huo, kama mtu anayesajili shamba la urithi.

SWALI: Mimi ni mhudumu katika mkahawa wa Kiwengwa, Unguja, na wageni wetu wengi ni Waitaliano. Kwa nini hukasirika nikiwaletea jibini pamoja na tambi za kamba, au kahawa pamoja na keki? Najaribu kuwafanyia hisani.
Mhudumu, Kiwengwa

JIBU: Jibini kwa kawaida huwa hawalitii kwenye vyakula vya baharini, kwa hoja kwamba linafunika ladha ya bahari. Wapo wachache wanaotia, nao wataomba wenyewe. Kahawa kwao huja baada ya kitamutamu kwisha na sahani kuondolewa, ikiwa nyeusi, kidogo, chungu, na hunywewa kwa mafunda mawili matatu. Wewe wa Unguja hupaswi kupata shida kuielewa, kwani ni jamaa wa ile ya barazani, ila sisi tuna halua na kashata za kuisindikiza. Kahawa yenye maziwa mengi, cappuccino, ni ya asubuhi, na ukimpendekezea mgeni usiku baada ya samaki atadhani unamtania. Zaidi ya hayo, usipeleke bili kabla hujaitiwa, hata wakikaa saa nzima wakizungumza mbele ya vikombe vitupu. Huko kwao bili iliyokuja bila kuombwa husomwa kuwa ni kufukuzwa. Ngoja usikie neno “conto”, au uone mkono ukiandika hewani.