Dini Tofauti, Darasa Moja: Mazungumzo Yaanzie Wapi?

Wadogo zangu mlioko vyuoni, mnaniuliza mara kwa mara namna ya kuandaa mjadala wa dini usioishia kwenye kurushiana maneno. Mimi nasema msianze na mjadala. Mihadhara ya kulinganisha dini iliyoshamiri nchini Tanzania miaka ya 1980 na 1990 mnaijua: vipaza sauti, vitabu mezani, umati unashangilia mtu akibanwa. Aliyebanwa hadharani hajifunzi kitu, anakwenda kutafuta aya za kurudi nazo. Anzeni na mambo mnayoishi pamoja.

Ratiba, kwa mfano. Darasani kwetu testi moja ilipangwa Jumamosi asubuhi, na tulikuwa na Wasabato. Aliyeandika barua ya kuomba isogezwe alikuwa dada Mwislamu, ambaye kila wiki alikuwa na kipindi cha Ijumaa saa saba mchana, muda wa swala. Uchungu ule aliujua. Sisi ambao Jumapili yetu haiguswi na mtu tukasaini chini yake. Ili barua ieleweke, ilibidi Wasabato watueleze Sabato yao, kwamba inaanza Ijumaa jua likizama na inaisha Jumamosi jua likizama. Tuliuliza maswali mengi usiku ule, na hakuna aliyeona anashambuliwa. Testi ilihamishiwa Jumatatu.

Chakula kinahitaji uangalifu zaidi. Mwaka 2013 mzozo wa Waislamu na Wakristo kuhusu nani achinje ulitoa uhai wa mtu Buseresere, mkoani Geita, kwa hiyo msiuchukulie mdogo. Mnapochangishana kwa sherehe ya darasa, ulizeni kikaoni, kabla hata pesa hazijakusanywa: nani atachinja, na nani hali nini? Kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, kikiwepo, kiwe na jiko lake, sufuria yake na mwiko wake. Mwiko ndio husahaulika. Niliwahi kumwona kijana akiweka sahani chini kimyakimya na kuaga, baada ya kuona mwiko mmoja ukihama kutoka sufuria hadi sufuria. Mpishi hakukusudia ubaya wowote, lakini yule kijana hatukumwona tena kwenye shughuli zetu.

Kuanzia 2023 hadi 2026 siku za Ramadhani na za Kwaresima zimeingiliana kila mwaka. Tumieni nafasi za namna hiyo. Wakristo walete mihogo na tende, wakae mkekani wasubiri adhana ya Magharibi pamoja na wenzao. Uji ukishanyweka, maswali huja yenyewe: mbona wewe unaacha nyama tu na mimi sigusi hata maji? Hapo muulizeni mtu anavyofunga yeye na walivyomlea kwao. Msimtwishe kijana wa mwaka wa kwanza mzigo wa kuwajibia Waislamu au Wakristo wote duniani. Mkishazoeana hivyo, viongozi wa vyama vya dini vya wanafunzi, yaani TAMSYA (cha Waislamu), TMCS (cha Wakatoliki), USCF (cha Waprotestanti) na CASFETA (cha Wapentekoste), wanaweza kukaa meza moja kupanga kongamano, na litakuwa na watu wanaofahamiana.

Kuhusu makabila, utani tunao, na Mpare na Mchaga hawahitaji semina. Ila mwenzenu aliyetoka Burundi au Kongo mwelezeni kwanza utani ni nini kabla hamjamwingiza. Na hata kwa watani wa jadi, Mtume, Yesu na Bikira Maria hawaingizwi kwenye utani.