Hapa ni wapi, na saa hizi saa ngapi? Majibu ya maswali yenu

Meseji za wiki hii karibu zote zinaongelea kuchanganyikiwa, ila sababu zake ni tofauti kabisa, twende moja moja.

Dokta, nikilala mchana naamka sijui kama ni asubuhi au jioni, juzi nimeshika mswaki nijiandae kwenda job. Naumwa?

Huumwi, umelala kupitiliza tu. Ukizidisha nusu saa unazama kwenye usingizi mzito, ukikurupuka katikati yake ubongo unachelewa kuwaka wote. Halafu huku kwetu jua linachomoza kwenye saa kumi na mbili na kuzama kwenye saa kumi na mbili, hata ukitazama saa ya ukutani haikusaidii kitu 😂 Weka alamu dakika 20.

Kariakoo nikitokea mlango mwingine wa duka napotea, naenda kinyume kabisa.

Ubongo una seli zinazochora ramani ya ulipo, John O'Keefe aliziona 1971 na mwaka 2014 akapata Nobel pamoja na wenzake wawili. Ramani hiyo inategemea alama, sasa dukani umepiga kona kibao bila kuona mtaa, ukitoka ramani bado imeangalia ule mlango wa kwanza. Simama kwanza, tafuta jengo unalolijua, na kumuuliza muuza maji sio aibu.

Bibi yangu ana miaka 78, tangu juzi usiku ananiita jina la marehemu kaka yake, anasema yuko Bukoba na tupo Mbagala. Ndugu wanasema uzee, wengine karogwa.

Hapa ndugu wamenikera kidogo. Uzee hauji kwa siku mbili, ule ugonjwa wa kusahau unaingia taratibu, miezi hadi miaka, kwa hiyo mzee akichanganyikiwa ghafla ujue kuna kitu mwilini: UTI, nimonia, malaria, kukaukiwa maji, sukari kushuka, mkojo kuziba, au dawa mpya, hata hizi za mafua zinazoleta usingizi. Na usisubiri homa maana wazee wengine hawachemki kabisa. Mpeleke hospitali leo, beba na mfuko wa dawa zake zote. Kama mdomo umepinda, mkono umelegea au maneno hayatoki vizuri, hiyo inaweza kuwa kiharusi, kimbia sasa hivi. Akiwa hospitali mvalishe miwani yake, akae naye mtu anayemjua, mumwambie taratibu yuko wapi, msibishane naye kuhusu Bukoba.

Mimi fundi bati, nikigeuka kitandani chumba kinazunguka kama sekunde ishirini kisha kinatulia. Presha nimepima iko poa.

Inaelekea ni vichembe vya kalsiamu ndani ya sikio, vimetoka mahali pake vikaingia kwenye mirija inayopima mzunguko wa kichwa, kwa hiyo ukigeuka sikio linadanganya. Daktari wa masikio anakulaza na kukugeuza kichwa kwa mpangilio hadi virudi, mara nyingi hata dawa huhitaji. Ila juu ya paa usipande mpaka akutibu.