Wasiouona Mkono wa Serikali Yao

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kwa nini Marekani, nchi yenye vyuo vikuu vinavyotamaniwa na dunia nzima, ina wananchi wengi wasiojua misingi ya uraia na uchumi, na kama kutojua huko kuna madhara yoyote. Madhara yapo, tena makubwa, lakini hayako pale ambapo wengi huyatafuta. Kila mwaka magazeti hutangaza kwamba Mmarekani ameshindwa kutaja mihimili mitatu ya dola, na watu hushangaa kwa siku mbili tatu. Mimi naona ujinga unaoumiza ni mwingine: mwananchi hajui serikali inamfanyia nini yeye mwenyewe, na kwa sababu hiyo ni rahisi kumshawishi kwamba fedha zake zinaliwa na watu wengine.

Nianze na hilo la mihimili, kwa kuwa ndilo linalonukuliwa zaidi. Kituo cha Annenberg cha Chuo Kikuu cha Pennsylvania huwahoji Wamarekani kila mwaka inapokaribia Septemba 17, siku ya kukumbuka kutiwa saini kwa Katiba yao. Mwaka 2016 walioitaja mihimili yote mitatu walikuwa asilimia 26. Mwaka 2024 walikuwa asilimia 65. Idadi imeongezeka zaidi ya mara mbili katika miaka minane, na bado hakuna anayefuatilia siasa za nchi hiyo atakayedai kwamba mijadala yao imepata busara kwa kiwango hicho hicho. Kujua majina ya vyombo vya dola ni jambo jema, lakini hakumfundishi mtu kupima kinachosemwa na wanaoviongoza.

Huwa nawasaidia Wakongo na Warundi wanaojiandaa kwa mtihani wa uraia wa Marekani, wengi wao wakiyaelewa maswali kwanza kwa Kiswahili ndipo wayakariri kwa Kiingereza. Kwa miaka mingi orodha ilikuwa ya maswali 100, mwombaji akiulizwa yasiyozidi 10 na kutakiwa kupata 6. Tangu Oktoba 2025 orodha imekuwa ya maswali 128, huulizwa hadi 20, na lazima apate 12. Nawaheshimu mno watu hawa, kwa sababu mama aliyetoka Uvira bila kumaliza shule ya msingi anajua Maseneta wako 100 na wanakaa miaka sita, jambo ambalo jirani yake aliyezaliwa Marekani hajawahi kuulizwa na mtu yeyote. Lakini katika ile orodha ya maswali 100 kulikuwa na swali la siku ya mwisho ya kuwasilisha fomu za kodi ya mapato, na hapakuwa na swali la kodi hiyo hugharimia nini. Mwaka 2015 jimbo la Arizona lilikuwa la kwanza kuagiza kwamba wanafunzi wa sekondari wafaulu maswali hayo kabla ya kuhitimu, na majimbo mengine yakafuata njia hiyo. Upimaji wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba ni asilimia 22 tu ya wanafunzi wa darasa la nane waliofikia kiwango cha umahiri katika somo la uraia.

Sasa tazameni upande wa fedha. Kwa miaka mingi shirika la utafiti la KFF limekuwa likiwauliza Wamarekani ni sehemu gani ya bajeti ya serikali kuu inayokwenda kwenye misaada ya nje, na wastani wa majibu huwa ni karibu robo ya bajeti au zaidi. Ukweli ni kwamba misaada hiyo huchukua takriban asilimia 1. Wakishaambiwa kiwango halisi, idadi ya wanaosema kwamba nchi inatoa mno hupungua sana, na hilo linanionyesha kwamba tatizo si roho mbaya. Ni watu wanaofanya uamuzi wa haki kwa hesabu isiyo sahihi, na hesabu hiyo haikurekebishwa na wale waliokuwa na wajibu wa kuirekebisha.

Kosa hilo halikuishia kwenye karatasi za watafiti. Januari 2025 serikali ya Rais Trump ilisimamisha misaada ya nje, na ilipofika Julai 1 mwaka huo shirika la USAID, lililoanzishwa mwaka 1961 chini ya Rais Kennedy, lilikuwa limefungwa. Wasomaji wa Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda hawahitaji kuelezwa maana yake, kwa sababu nchi zao zilikuwa miongoni mwa za kwanza kuingizwa katika mpango wa PEPFAR ulioanzishwa na Rais George W. Bush mwaka 2003, na kliniki nyingi za dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilijengwa juu ya mpango huo. Sisemi kwamba kura za maoni ndizo zilizoifunga USAID. Nasema kwamba kiongozi anayefuta kitu ambacho wananchi wanakidhania kuwa robo ya bajeti yao hapati hasara ya kisiasa, hata kama kitu hicho ni senti moja katika kila dola.

Dhana ya robo ya bajeti ilitoka wapi? Hapa ndipo penye kiini cha jibu langu. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell waliwauliza Wamarekani kama waliwahi kutumia mpango wowote wa serikali wa huduma za jamii. Asilimia 57 walisema hapana. Waliposomewa orodha ya mipango yenyewe, asilimia 94 ya hao waliokana walikuwa wamefaidika na angalau mmoja. Miongoni mwa wanaopokea Social Security, yaani malipo ya kila mwezi ya wazee na walemavu, asilimia 44 walikuwa wamesema hawajawahi kutumia mpango wa serikali; miongoni mwa wanaotibiwa kwa Medicare, bima ya serikali ya wazee, walikuwa asilimia 40; na miongoni mwa wanaopunguziwa kodi kwa sababu ya riba ya mikopo ya nyumba, walikuwa asilimia 60.

Takwimu hizo zinaeleza mengi. Nafuu ya kodi haiji kwa hundi yenye nembo ya serikali. Ni fedha ambayo mtu hakuilipa, naye huiona kuwa jasho lake tupu. Bima ya afya anayolipiwa na mwajiri haitozwi kodi ya mapato, na hilo ni moja ya misamaha mikubwa kuliko yote katika sheria zao za kodi, lakini mfanyakazi huiona kama wema wa kampuni. Msaada wa chakula kwa maskini, kwa upande mwingine, unaonekana dukani mbele ya foleni, na magunia ya nafaka yaliyopigwa chapa ya Marekani yanaonekana kwenye televisheni. Mtu wa namna hiyo akiulizwa fedha zinakwenda wapi, atataja anachokiona. Katika mwaka wa fedha 2024 serikali kuu ilitumia takriban dola trilioni 6.8, ambapo Social Security peke yake ilichukua zaidi ya senti 20 katika kila dola, na riba ya deni la taifa ikapita matumizi ya jeshi. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachoweza kupigwa picha.

Katika ushuru wa forodha kutoona ni kule kule, ila safari hii kisichoonekana ni mzigo. Ushuru hulipwa na mwagizaji aliyeko Marekani anapotoa shehena yake bandarini, lakini wengi wameaminishwa kwamba unalipwa na China. Mwaka 2018 mashine za kufulia kutoka nje ziliwekewa ushuru mpya, na bei yake madukani ikapanda kwa takriban asilimia 12. Mashine za kukaushia, ambazo hazikuwekewa ushuru huo, nazo zikapanda kwa kiwango kinachokaribiana kwa sababu huuzwa pamoja. Mnunuzi aliilipa kodi hiyo bila kuiona kwenye risiti.

Wapo watakaosema mwananchi hana haja ya kujua yote haya, kwani kura yake ni moja kati ya milioni zaidi ya 150, na anaweza kufuata tu chama anachokiamini. Hoja hiyo ina uzito, hasa katika nchi yenye serikali za mitaa zaidi ya 90,000, ambapo mtu huyo huyo hupiga kura ya kumchagua mkuu wa polisi wa kaunti, bodi ya shule na pengine hata jaji. Lakini kufuata chama kunasaidia pale tu mpiga kura anapojua nani alifanya nini. Mwaka 2017 takriban theluthi ya Wamarekani hawakujua kwamba Obamacare na sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010 ni kitu kimoja. Tangu mwaka 2005 wamepoteza magazeti zaidi ya 3,000, mengi yakiwa ya miji midogo, na sheria ya elimu iliyotiwa saini mwaka 2002 ilizibana shule zipimwe kwa kusoma na hesabu, uraia ukasukumwa pembeni.

Shule zirekebishwe, lakini mtu wa miaka 50 harudi darasani. Mwaka 2014 Uingereza ilianza kuwapelekea walipakodi taarifa ya mwaka inayoonyesha kodi yao iligawanywaje kati ya afya, pensheni, elimu, ulinzi na mengineyo, na mwaka 2011 Ikulu ya Marekani iliweka kikokotoo cha namna hiyo kwenye tovuti yake, ambako alipaswa kukitafuta mwenyewe anayekitaka. Ningependa taarifa hiyo ipelekwe kwa barua kwa kila mlipakodi wa Marekani, ikiwa na safu mbili: ya kwanza ionyeshe kila dola yake ilikwenda wapi, misaada ya nje ikiwemo kwa kiwango chake halisi, ya pili ionyeshe kile alichopokea yeye, pamoja na kodi aliyosamehewa kwa ajili ya nyumba yake na bima ya kazini kwake.