Betri ya taa inajizima baharini, nimruhusu fundi atoe bodi?

SWALI: Shikamoo fundi. Mi mvuvi wa dagaa hapa Sahare, Tanga. Taa yetu inatumia betri ya lithiamu ya seli tatu zilizoungwa mfululizo, ikifika usiku wa manane inazima ghafla, tukirudi nikiipiga chaji inawaka fresh. Fundi wa mtaani anasema tatizo ni ile bodi ndogo ya kijani iliyo kwenye betri, aitoe aunge dairekti. Nikubali?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, usikubali kabisa! Hiyo bodi haijafa, inafanya kazi yake ya kulinda betri. Ina chipu inayosoma volti za kila seli, na ina mosifeti, yaani swichi ndogo za umeme, zimekaa kwenye njia ya negativu kama mlango, seli moja tu ikishuka mpaka volti 2.5 au 3 hivi, inategemea na bodi, mlango unafungwa hata kama zile mbili bado zina moto, ndo maana taa inakata ghafla. Kwenye chaji hivyohivyo, seli ikizidi 4.2 ikagusa kama 4.28 inakata. Shoti ndo usiseme, inakata kabla hujapepesa jicho.

Sasa ukiunga dairekti taa itakaa zaidi kweli, ila ile seli dhaifu itanyonywa mpaka chini kabisa, shaba ya ndani inaanza kuyeyuka, na ukija kuichaji hiyo shaba inajijenga upya pasipotakiwa inapiga shoti humohumo ndani. Halafu chaja yenyewe inaona jumla tu, volti 12.6, kwa hiyo seli moja ikibaki nyuma kwenye 3.6 zile mbili zinasukumwa mpaka 4.5 kila moja, na hapo ndo zinawaka moto, na nyie mko kwenye chombo cha mbao na dumu la petroli pembeni jamani!

Mwambie fundi apime kwa mita seli mojamoja taa ikishazima, KABLA ya kuchaji. Iliyo chini kuliko wenzake ndo mbovu, ila badilisha zote tatu, mpya na chakavu haziendi pamoja. Zikiwa sawa na bado ziko juu, kagua vile vijiwaya vyembamba vinavyotoka kwenye seli kwenda kwenye bodi, chumvi ya bahari inavila halafu bodi inasoma uongo. Na siku ikizima palepale unapowasha, ujue taa zinavuta ampea nyingi kuliko bodi inavyobeba, hapo nunua bodi ya ampea kubwa zaidi, iwe ya seli tatu hivyohivyo.